Kabla ya Kushika Spana: Jinsi Fundi wa Maji Anavyofikiri

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Nilikuwa nimetoka chuoni na ovaroli mpya yenye mikunjo ya pasi, na nilikuwa na hamu kubwa ya kuichafua. Fundi Deo, niliyekabidhiwa kwake ili anifundishe, alinipakia kwenye pikipiki mpaka Kituntu, kwenye pampu ya mkono iliyokuwa imewagomea wananchi. Tulipofika aliweka sanduku la vifaa chini, kisha akakaa juu yake. Asingeinuka, lisingefunguliwa, na Fundi Deo alikuwa mtu mzito.

"Imeharibika nini?" akaniuliza.

"Raba za pistoni zimeisha, fundi." Ndivyo nilivyofundishwa. Pampu haitoi maji, raba zimeisha.

"Umeziona?"

"Bado."

"Basi una jibu. Swali ndilo huna."

Akamgeukia mama mmoja mtu mzima aliyekuwa amekalia dumu lake tupu. "Shikamoo, mama. Hebu tuelezee, inagomaje?"

"Marahaba, mwanangu. Asubuhi unapampu mpaka mkono unaingia ganzi, ndipo maji yaje. Yakishakuja, waitu, yanakuja vizuri tu. Ukiiacha ikapumzika, unaanza upya."

Fundi Deo akanitazama, akangoja. Ilinichukua muda. Kama raba zingekuwa zimeisha, maji yangekuja kwa kusuasua hata baada ya kufika. Haya yalikuwa yanapanda vizuri, ila hayakai. Pampu ikilala, nayo yanarudi kisimani. Basi kosa lilikuwa chini kabisa, kwenye valvu inayotakiwa kuyashikilia yasishuke. Niliposema hivyo, ndipo alipoinuka kwenye sanduku. Tulivuta mabomba juu, tukakuta kijiwe kimekwama kwenye ile valvu. Raba zilikuwa nzima. Mimi ningeweka mpya, ningefunga, ningeaga watu kwa heshima, na kesho yake wangenipigia tena.

Mwaka huu nimestaafu. Vijana wa ofisini wameniomba niwaandikie mambo ya kazi, na wengi wanatarajia mabomba na soketi. Hayo yamo vitabuni, na vitabu vimeyaeleza vizuri kuliko nitakavyoweza. Vyeo na mishahara nitaviruka pia, kwa kuwa vyangu havitamsaidia mtu. Nataka kuandika juu ya kifaa tulichokitumia kila siku bila kukabidhiwa na mtunza stoo, yaani kichwa, na jinsi kinavyofanya kazi, au kinavyogoma, kikikutana na tatizo.

Fundi Deo alikuwa na masharti yake. Sharti nililolichukia zaidi lilikuwa hili: ueleze tatizo kwa maneno yasiyo na jibu ndani yake. Nikisema "bomba limepasuka huko Ndama," ananikatisha. "Umeliona limepasuka? Sema ulichokiona." Nilichokiona ni kwamba maji hayafiki. Haya, sema maji hayafiki. Nilidhani ananionea kwa sababu mimi ni mwanamke peke yangu kwenye gari la mafundi. Baadaye nikamsikia akimfanyia hivyo hivyo mhandisi mgeni, tena mbele ya watu, nikatulia. Ukishasema limepasuka, macho yako yanaanza kutafuta mpasuko, na kila penye unyevunyevu unachimba. Ukisema hayafiki, bado una njia nyingi mbele yako.

Sharti jingine lilikuwa chai. Tukikwama kweli, yaani tumegeuza kila kitu na hakuna kinachoeleweka, Fundi Deo alikuwa anafunga sanduku na kutupeleka mahali penye chai. Huko ilikuwa marufuku kuzungumzia bomba. Tulizungumza bei ya kahawa, misiba, mpira. Nilikuwa nachukia kupoteza muda, lakini nikiri kwamba mara nyingi jibu lilikuja wakati napuliza kikombe, bila kulialika. Kichwa kilichokazana na njia moja kinahitaji kuachiwa kidogo ndipo kione njia nyingine. Msitumie maneno yangu haya kama kisingizio. Chai inasaidia baada ya kuhangaika, siyo kabla.

Aliyenipa majina ya mambo hayo ni Mwalimu Jasinta. Alikuwa akifundisha saikolojia katika chuo cha ualimu, na kwa ajili ya masomo yake ya juu alitaka kuona watu wa kazi mbalimbali wanavyotatua matatizo. Alikuja ofisini akaomba kufuatana nasi. Bosi alikubali, labda kwa kudhani angechoka upesi. Hakuchoka. Alipanda nasi vilima akiwa na viatu vya darasani, na ombi lake lilikuwa moja tu: tunapofanya kazi, kila tunachokiwaza tukiseme kwa sauti.

"Hata kama ni upuuzi?" nilimuuliza.

"Hasa upuuzi," akasema. "Mtu akishamaliza kazi, ananieleza njia iliyonyooka. Mimi nataka kona zote."

Kwa Fundi Deo lilikuwa jambo gumu. Alikuwa amezoea kunyamaza. Mara ya kwanza alisimama mbele ya tenki, kimya, mpaka Mwalimu Jasinta akamkumbusha kwa upole, "Fundi, unawaza nini?"

"Nawaza chakula," akajibu Fundi Deo, na ninaamini alikuwa mkweli.

Polepole alizoea, sote tukazoea, hata nyumbani mume wangu akawa analalamika kwamba napika huku najisimulia. Na tulijifunza mengi kwa kujisikia wenyewe. Niligundua kwamba mimi husema "lazima" pale ambapo sina uhakika. Fundi Deo aligundua kwamba anatumia muda mrefu kuangalia kuliko kufungua. Mwalimu Jasinta alilifurahia sana hilo. Alituambia kwamba mgeni wa kazi hurukia vifaa, mzoefu hukawia kwenye kulielewa tatizo, kwa sababu kwanza analichora kichwani: maji yanatoka wapi, yanapita wapi, yanazuiwa na nini. Mchoro ukikosewa, alisema, bidii yote inayofuata ni ya bure. Fundi Deo alinitazama kwa jicho la "si nilikuambia."

Kuna siku moja Ndama ambayo Mwalimu Jasinta hakuisahau. Tulikuwa tunaunganisha bomba la plastiki bondeni, na gundi ya bomba haishiki penye maji. Tulikuwa tumefunga koki ya juu, lakini ilikuwa chakavu, ikaendelea kupitisha mchirizi mwembamba. Tukifuta, unakuja. Tukifuta tena, unakuja tena. Tulijaza matambara, yakalowa. Mwanamume mmoja wa timu yetu akapendekeza turudi mjini kutafuta koki mpya, nusu siku ya kwenda na kurudi, huku zahanati inayotegemea bomba lile ikiwa haina maji.

Nilikuwa najisemea kwa sauti kama kawaida: "Nataka kitu laini, kizibe sasa hivi, halafu baadaye kiondoke chenyewe." Nikageuka, nikaona sufuria ya chakula chetu cha mchana. Ndizi zilizopikwa na kupondwa, zimepoa, zimeshikana kama udongo wa mfinyanzi.

"Usifanye hivyo," akasema Fundi Deo, aliyekuwa ameshanielewa.

Nilifanya. Donge la ndizi lilisukumwa ndani ya bomba, mchirizi ukakoma, tukafuta, tukapaka gundi, tukaunga. Gundi ilipokauka tulifungua koki ya juu na ile ya chini kabisa, maji yakalisukuma donge mpaka likatoka vipande vipande, tukayaacha yakimbie mpaka yakawa safi. Mwalimu Jasinta alikuwa amekaa kwenye nyasi akicheka huku akiandika. Alinieleza baadaye kwamba akili zetu hukipa kila kitu kazi yake na kukifungia humo. Ndizi ni chakula, basi. Kilichonifungua ni kwamba nilikuwa nimeitaja sifa ninayoitaka kabla ya kutafuta kitu chenyewe. Hayo ni kweli. Kweli nyingine ni kwamba siku ile tulishinda na njaa, na wanaume wa timu walinikumbusha hilo kwa miaka.

Kisa kikubwa kuliko vyote kilinipata baada ya Fundi Deo kustaafu, na Mwalimu Jasinta kuhamia mkoa mwingine. Ilikuwa kiangazi. Mwenyekiti wa kijiji kimoja upande wa Isingiro alinipigia simu. Jina la kijiji nitalihifadhi, na yeye nitamwita Mwenyekiti tu.

"Mama Koku, tunakuhitaji uje uthibitishe. Mwizi wa maji tumeshampata."

"Maji yamekuwaje, Mwenyekiti?"

"Yameibiwa."

"Mnapata maji kiasi gani kwenye tenki?"

"Mama, yanadondoka kama machozi. Njoo, utaona mwenyewe."

Nilichokiona nilipofika sijawahi kukiona tena, na sitaki. Bomba kuu la kijiji kile linashuka kutoka chemchemi ya kilimani, linapita mashambani, linapanda mgongo mmoja mdogo karibu na shule, kisha linashuka tenkini. Katikati linapita kwenye kibanja cha mtu aliyeitwa Nzeyimana, shamba linalozunguka nyumba yake. Wazazi wake walitoka Burundi. Yeye mwenyewe alizaliwa pale pale kijijini, lakini siku ile hilo halikukumbukwa na mtu. Mtaro ulikuwa umechimbwa kibanja kizima kufuata bomba. Migomba imelala. Mibuni iliyokuwa inazaa imeng'olewa na kurushwa pembeni, mizizi juu. Nzeyimana alikuwa amesimama mlangoni pake, mikono nyuma, kama mtu anayetazama shamba la mwingine.

"Mmekuta ameunganisha wapi?" nikamuuliza Mwenyekiti.

"Ameshaondoa. Lakini mboga zake tazama."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na tuta la mchicha na kabichi, za kijani kabisa, wakati kijiji kizima kimekauka. Huo ndio uliokuwa ushahidi. Mkutano wa kijiji ulikuwa umeshaamua: Jumapili ikifika, Nzeyimana na familia yake wawe wameondoka.

Mke wake, Spesioza, alinishika mkono akanipeleka nyuma ya mchicha. Kulikuwa na kinjia kilichochimbika kwa kukanyagwa, kinashuka mpaka bondeni kwenye kinamasi. "Nachota kule, mama, kwa ndoo. Kila mtu ananiona."

Nilimrudia Mwenyekiti nikamwambia. "Hiyo njia ni ya danganya toto," akasema. "Anapita pale ili tudhani."

Nikafunga koki ya tenkini, kisha nikaweka geji ya kupimia presha kwenye bomba pale pale kwa Nzeyimana, mbele ya watu. Kama kuna tundu au mchepuko, mshale ungeshuka. Tulingoja. Mshale haukutikisika.

"Mnaona?" nikasema.

"Tunaona," akajibu mzee mmoja. "Leo ameziba kwa sababu wewe umekuja."

Hapo nilimkumbuka Mwalimu Jasinta, jinsi alivyokuwa akisema kwamba akili ikishapenda jibu, kila kitu kinakuwa ushahidi wake, hata kile kinachopaswa kulivunja. Wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na kiu, wake zao walikuwa wanatembea mbali na madumu, na walikuwa wamepata jibu lenye uso na jina. Swali la "nani" ni tamu sana kwa mtu aliyechoka. Ningeendelea kubishana nao pale kwenye mtaro, ningekuwa wakili wa Nzeyimana tu, na wakili hupingwa.

"Nani amefika kwenye chanzo tangu maji yapungue?" nikauliza.

Walitazamana. Hakuna. Kwa nini wapande kilimani wakati mwizi yuko hapa?

"Mwenyekiti, tupande wote. Mimi na wewe, na yeyote anayetaka."

Hakupenda. Ni mwendo mrefu, na jua lilikuwa kali. Lakini nilishaanza kutembea, na mwenyekiti hawezi kuachwa nyuma na mama mwenye mfuko wa spana. Watu kadhaa wakatufuata.

Kabla hatujafika tulisikia sauti. Kwenye sanduku la zege la chemchemi, maji yalikuwa yanafurika na kumwagika pembeni, yanatiririka kwenye nyasi, na ng'ombe wa watu walikuwa wanakunywa kwa raha zao. Nilikuwa na mengi ya kusema, nikayauma. Fundi Deo asingeyasema, angekalia sanduku.

Mwenyekiti alisimama akiyatazama. Aliinama akatia mkono kwenye mdomo wa bomba ndani ya lile sanduku. Uso wake ulikuwa umekunjwa na hasira za kupandishwa kilima. Halafu nikaona ukilegea, kidogo kidogo, kama mtu anayesikiliza wimbo wa mbali.

"Haliyavuti," akasema.

"Endelea, Mwenyekiti. Unawaza nini?"

"Kama kuna mtu anayafungulia kule chini... huku yangekwenda yote. Yangekwenda kwa nguvu zaidi." Akautoa mkono majini. "Haya yanamwagika kwa sababu hayana pa kupita." Akaketi juu ya jiwe. "Hakuna aliyeiba. Kuna mahali pameziba."

Nimeona wengi wakifikia jibu, lakini sijaona jibu lililomgharimu mtu kama lile. Wenzake walimsikia, na kwa kuwa alikuwa amelisema yeye na siyo mimi, hawakubisha.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya kawaida. Pale tenkini nilikuwa nimesikia bomba likikohoa, likitema hewa na matone. Hewa hukusanyika kwenye mgongo wa bomba, na isipotolewa inakaa pale kama kizibo, maji yanashindwa kuisukuma. Ndiyo sababu kwenye kila mgongo huwekwa valvu ya kuitoa, ndani ya chemba ya zege. Tulishuka mpaka kwenye ule mgongo wa karibu na shule, tukatafuta chemba. Haikuwepo.

"Hapa pamebadilika nini tangu kiangazi kilichopita?" nikauliza.

Aliyejibu ni mwanamke mmoja aliyekuwa na jembe begani. "Uwanja wa mpira wa shule. Tulisawazisha wote, kwa siku za kazi za kijiji. Udongo tuliusukumia huku."

Tulichimba kwenye ule udongo. Chemba ilikuwa chini yake, imejaa mpaka juu, na valvu imeshikwa na tope kavu. Niliisafisha, nikailegeza kwa spana. Ilitoa mlio mrefu wa hewa ambao uliwafanya watu warudi nyuma, ikapiga chafya ya maji mekundu, kisha nikasikia ninachokipenda kuliko muziki wowote: bomba linajaa. Muda mfupi baadaye kelele zilipanda kutoka kwenye vilula vya kuchotea maji kule chini, wanawake wakipiga vigelegele, ndoo zikigongana.

Mwenyekiti hakushangilia. Aliniomba tufuatane kwa Nzeyimana. Tulimkuta anafunga godoro kwenye baiskeli. Mwenyekiti alivua kofia.

"Nzeyimana, ndugu yangu. Tumekukosea. Mimi nimekukosea kwanza, kwa sababu mimi ndiye niliyeanza kulisema jina lako."

Nzeyimana aliendelea kukaza kamba. Alipomaliza alinigeukia mimi.

"Mama Koku, nikuulize. Kama bomba lingekuwa limepasuka kweli hapa kwangu, lenyewe tu, kwa uchakavu? Ungewaambia nini?"

"Ningewaambia limepasuka lenyewe."

"Wangekusikia?"

"Kwa maneno, hapana," nikasema. "Ningewapeleka wakashike wenyewe kwa mikono yao, kama leo. Ningekaa nao mpaka waone."

Hakusema kama jibu langu limemtosha. Lakini alianza kufungua kamba, na Spesioza akaingiza godoro ndani kabla mumewe hajabadili mawazo.

Kijiji kilirudi na majembe kuufukia mtaro. Miche ya kahawa ililetwa, mingine na wale wale waliong'oa, na Mwenyekiti alipanda ya kwake mwenyewe akiwa amepiga magoti. Mche wa kahawa hauna haraka. Nzeyimana alikaa misimu kadhaa bila kuvuna upande ule, na hakuna maji yaliyoweza kulifuta hilo. Walimwomba aingie kwenye kamati ya maji, akakataa mbele ya mkutano, kwa adabu, bila kutoa sababu. Spesioza akasimama akasema yeye ataingia.

Katika safari zangu za mwisho kabla ya kustaafu nilipita huko. Spesioza ndiye aliyenipeleka kwenye chemba ya karibu na shule. Alikuwa ameizungushia mawe ili udongo usiingie tena. Alifungua kufuli, akainua kifuniko, akapiga magoti akasogeza sikio kwenye valvu, huku anajisemea kwa sauti kile anachokisikia. Watoto walikuwa wanacheza mpira nyuma yetu.

"Inapumua," akasema. Akafunga, akautia ufunguo kwenye kamba ya shingoni, ndani ya blauzi, tukashuka kunywa chai kwake.